Tuisheni ya Hesabu Mpakani

Mtoto wa Busia akileta nyumbani alama 31 za hesabu, mzazi hufanya jambo moja tu: humtafutia tuisheni. Mimi naipinga tuisheni hiyo, hata kama baadhi ya wenzangu humu chuoni hupata nauli kwayo kila likizo.

Kwani inafundisha nini? Mtoto hupewa fotokopi za mitihani iliyopita. Anajibu maswali hamsini, anawekewa vema na mkasi, anapewa mengine hamsini. Hakuna anayemwuliza alifikaje kwenye jibu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 inakataza tuisheni ya likizo, lakini ningeipinga hata kama ingeruhusiwa.

Mtazameni mtoto huyohuyo sokoni. Mwambie abadilishe shilingi 350 za Kenya kwa bei ya 28. Hashiki kalamu. Mia ni 2,800, mia tatu ni 8,400, hamsini ni nusu ya mia, yaani 1,400. Jumla 9,800 za Uganda. Sasa mwandikie 350 mara 28 daftarini. Atapanga tarakimu, atasahau kusogeza safu ya pili, ataandika 3,500 na kufungua ukurasa mwingine, ilhali anajua vizuri kwamba shilingi mia mbili peke yake ni 5,600. Sokoni angecheka. Mwaka 1985 Carraher na wenzake waliandika kuhusu watoto wachuuzi wa Recife, Brazil: katika biashara yao walipatia karibu kila hesabu, lakini hesabu za namna hiyo zilipoletwa kwa tarakimu tupu walipatia asilimia 37 hivi. Busia si Brazil, ila mtoto ni yuleyule.

Jambo la pili ni lugha. Pande zote mbili za mpaka, kuanzia darasa la nne hesabu hufundishwa kwa Kiingereza. Swali likiuliza Okello ana maembe mangapi zaidi ya Akinyi, mtoto analiona lile neno la Kiingereza la "zaidi" na kujumlisha mara moja, maana amezoeshwa kwamba neno hilo ni ishara ya kujumlisha. Karatasi hamsini zitamzoesha kosa hilo mara hamsini.

Maswali matatu kwa jioni yanatosha. Mtoto aeleze kwa sauti kila hatua, kwa Kiswahili, Kisamia, Kiteso, au Kijopadhola kama yuko Tororo, kisha ndipo aandike kwa Kiingereza. Mama anayeuza ndizi Malaba anaweza kuisimamia kazi hii bila kujua aljebra. Swali lake ni moja: "Umejuaje?"

Nitajibiwa kwamba mtihani ni wa Kiingereza. Ndiyo, na karatasi ya hesabu ya PLE humtaka mtahiniwa aonyeshe njia. Ataionyeshaje njia ambayo hajawahi kuieleza kwa lugha yoyote?

Na sisi wa Kiswahili tusijitoe. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima shuleni, tukashangilia. Tuliongezewa somo, hesabu ikabaki palepale. Walimu wetu, mtakapotupeleka mazoezini, msitukague kwa ngeli na methali pekee. Tupeni saa moja kwa wiki ya kukaa na mtoto aliyepata 31, atueleze hesabu yake kwa Kiswahili.