Mgeni wa jangwani asipite mbio

Wahenga walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii hutajwa sana katika hotuba za wakubwa kila wanapoizungumzia sekta ya utalii. Lakini aghalabu tunaikata nusu. Tunashughulika sana na mgeni aje, wala hatuulizi kama mwenyeji amepona. Pahali ambapo swali hilo lapasa kuulizwa kwa sauti kubwa hivi leo ni kaskazini mwa nchi yetu, katika jangwa la Chalbi na kandokando ya Ziwa Turkana, ambako ziara za siku kadhaa zimekuwa rahisi kuandaliwa tangu barabara ya lami ya kutoka Isiolo hadi Moyale ikamilike katika muongo wa 2010.

Miaka kadhaa iliyopita niliwapeleka huko wanafunzi wangu wa isimu. Kampuni moja ya utalii ilitupangia ziara ya siku nne. Siku ya kwanza tungetoka Nairobi hadi Marsabit, ya pili tungelikata jangwa hadi Loiyangalani, ya tatu tungefika Maralal na ya nne tungerudi nyumbani. Kwenye karatasi mpango ulipendeza. Kila kitu kilikuwamo: mafuta ya gari, magurudumu ya akiba, vitanda na chakula. Kwa kijiji cha Waelmolo tulitengewa dakika arubaini, asubuhi ya siku ya tatu.

Katika dakika hizo, mwanafunzi mmoja alimwona bibi kizee akipaa samaki. Akamwamkua na kumuuliza, "Nyanya, samaki huyu mnamwitaje hapa?" Ajuza akataja jina. Mwanafunzi mwingine, ambaye amelelewa katika lugha ya Kisamburu, akashangaa. Bibi huyu alikuwa akizungumza Kisamburu fasaha tangu tulipofika, lakini neno hilo kijana hakupata kulisikia maishani mwake. Tukamsihi alirudie. Alipokuwa akilirudia, honi ikalia. "Mwalimu, tumechelewa," dereva akaniita. Tukapanda gari. Hadi leo neno hilo limo katika daftari langu likiwa nusu.

Huenda msomaji akauliza, neno moja la samaki lina thamani gani hata liandikiwe makala? Thamani yake ni hii. Waelmolo, ambao ni miongoni mwa jamii ndogo kabisa hapa nchini, walikuwa na lugha yao ya jamii ya Kikushi, iliyokuwa na udugu na Kidasanechi. Katika karne ya 20 waliiacha hatua kwa hatua na kushika Kisamburu, lugha ya majirani wao wafugaji. Wazee wa mwisho walioijua vyema lugha ile ya kale wamekwisha kufariki. Lakini wafugaji hawakuwa na maneno ya kutosha ya uvuvi, kwa hivyo Waelmolo walipohamia Kisamburu walibeba baadhi ya maneno yao ya ziwani. Maneno hayo ni kama vigae vya chungu kilichovunjika. Bibi yule alikuwa ametupa kigae kimoja mkononi, nasi tukakiangusha kwa sababu ratiba ilikuwa inatuita.

Sisemi kwamba kila mtalii ni mwanaisimu. Nasema kwamba ziara inayopangwa kwa mbio humnyima kila mgeni kile alichokifuata, awe mwanaisimu au la. Mtu haendi Chalbi kwa ajili ya vumbi. Huenda kwa sababu amesikia kwamba ni nchi ya kale, na ukale huo hauonekani kupitia dirisha la gari. Lazima usimuliwe.

Tuyatazame majina peke yake. Chalbi, kwa lugha ya Wagabra, huelezwa kuwa ni mahali patupu penye chumvi. Aliyeambiwa hivyo ataufahamu ule uwanda mweupe unaomeremeta mbele yake, na ataelewa ni kwa nini wafugaji hupeleka mifugo yao huko kulamba chumvi. Koobi Fora, ambako mabaki mengi ya binadamu wa kale yamefukuliwa, ni jina la Wagabra pia, nalo huelezwa kuwa ni mahali pa miti ya manemane. Loiyangalani, kwa Kisamburu, ni penye miti mingi, na mwenye kutoka jangwani akaiona mikoma ile na chemchemi yake hataomba ufafanuzi zaidi. Ziwa lenyewe Waturkana huliita Anam. Mnamo 1888 Samuel Teleki na Ludwig von Höhnel walilifikia na kulipachika jina la Rudolf, mwanamfalme wa Austria ambaye hakupata kulitia machoni. Jina hilo lilidumu katika ramani hadi 1975. Tukumbuke pia kwamba msafara wao uliondoka Pangani, na miongoni mwa waliokuwamo ni Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara Mswahili aliyezijua njia za bara. Hata wale walioandikwa vitabuni kuwa wavumbuzi hawakusafiri bila ya wenye kujua.

Hali kadhalika, upande wa magharibi wa ziwa, huko Nariokotome, ndiko Mkenya Kamoya Kimeu alikogundua mnamo 1984 mabaki ya kijana aliyeishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Na huko huko Turkana, Lokitaung na Lodwar, serikali ya kikoloni ilimfungia Mzee Jomo Kenyatta kabla ya kumhamishia Maralal mnamo 1961. Wakoloni waliona jangwa ni jela isiyohitaji ukuta. Waliifunga kaskazini yote kwa sheria, kuanzia ile ya mwaka 1902, hata mtu akahitaji kibali kuingia na kutoka. Athari zake zilidumu muda mrefu baada ya Uhuru. Wakazi wa huko walizoea kusema "nakwenda Kenya" wanapoanza safari ya kuja Nairobi. Ziara ya kitalii, ikipangwa kwa busara, yaweza kuwa njia ya kuufuta usemi huo. Ikipangwa ovyo itauthibitisha, kwani mwenyeji atamwona Mkenya mwenzake akipita na kamera kana kwamba yuko nchi ya kigeni.

Je, ziara ya busara hupangwaje? Kwanza, isipangwe kwa kuhesabu kilomita bali kwa kuhesabu mapumziko. Iwapo msafiri anataka kuizunguka njia ile niliyoipita, siku 11 si nyingi. Na alale Marsabit usiku 2. Mlima ule wenye msitu na maziwa ya volkeno ndio mlango wa jangwa, na ndiko alikoishi Ahmed, yule ndovu ambaye Rais Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri maalumu na ambaye alikufa mnamo 1974. Sokoni hapo atawasikia Waborana, Warendile, Wagabra na Waburji wakifanya biashara pamoja. Kisha ateremke alfajiri, apitie Maikona hadi Kalacha, akae siku 2 kwenye chemchemi, awaone ngamia wakija kunywa. Alale North Horr usiku 1 na Loiyangalani usiku 3. Hapo kuna makumbusho ya jangwa yaliyofunguliwa mnamo 2008, kuna mlima Kulal, na kuna Waelmolo. Arudi kwa njia ya South Horr na Maralal, akilala usiku mmoja katika kila mji, naye ataiona nyumba aliyowekwa Mzee. Mwenye kutaka kufika Sibiloi na Koobi Fora na aongeze siku nyingine 3, asijaribu kuzibana ndani ya hizo.

Pili, majira yazingatiwe. Chalbi ikinyeshewa hugeuka tope, na gari lililozama humo haliokolewi kwa pesa. Mwezi wa Aprili na wa Novemba si wa kujaribu bahati. Na kabla ya kuondoka, hali ya usalama iulizwe kwa wakuu wa serikali na kwa wenyeji wa kila kituo, hasa kati ya Baragoi na Maralal, ambako wizi wa mifugo umewahi kuwagharimu maisha raia na polisi. Kuuliza si woga. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na jangwani huenda asiwe na arudilo.

Tatu, maji. Ukame uliodumu tangu mwisho wa 2020 hadi 2022, mvua zikikosekana msimu baada ya msimu, uliangamiza mifugo mingi huko. Mgeni anayeoga kwa maji ya kisima ambacho mama amekitembelea kwa saa nyingi si mgeni, ni nzige. Kila gari lichukue maji yake katika mitungi, na mahali panapolazimu kuteka, ruhusa iombwe na malipo yatolewe kwa wenye kisima.

Nne, na hili ndilo kubwa, kiongozi wa ziara awe mwenyeji, naye abadilishwe kila mpaka wa lugha unapovukwa. Katika njia hiyo moja msafiri huwapitia wasemaji wa Kiborana, Kirendile, Kisamburu na Kiturkana. Lugha mbili za kwanza ni za Kikushi na mbili za mwisho ni za Kinailoti. Hakuna mtu mmoja kutoka Nairobi awezaye kuwasemea wote. Kiongozi wetu aliwaita watu wote tuliowakuta kwa jina la kabila moja, na hakuna aliyemsahihisha, kwa kuwa hakuna aliyepewa nafasi ya kusema. Kijana wa Kalacha aliyesoma, anayejua Kiswahili na lugha ya mamake, akilipwa ujira wa siku 2 kuwaongoza wageni, atakuwa na sababu ya kumwendea babu yake kuuliza majina ya visima na ya nyota. Hapo ndipo lugha itakapopata kazi. Nayo lugha yenye kazi haifi upesi.

Nazijua hoja za wenye kampuni. Watasema kwamba siku nyingi ni gharama nyingi, na kwamba mtalii hana wasaa. Sikatai. Lakini mtalii asiye na wasaa hakulazimishwa kulivuka jangwa zima. Na aende Marsabit na Kalacha peke yake kwa siku 5, aone kidogo akielewe, kuliko kuona vingi asivyoweza kuvitaja akirudi kwao. Isitoshe, gari linalokwenda masafa mafupi kwa siku halivunji springi kila jioni, na anayelala usiku 3 mahali pamoja hununua chakula, hulipa kiongozi na huchagua shanga kwa utulivu. Fedha zake hubaki pale alipolala. Anayepita mbio huacha vumbi na peremende alizowatupia watoto.

Kuhusu picha, ada ijulikane mapema na ilipwe kwa kamati ya kijiji. Niliwaona watu wakigombana juu ya noti moja ambayo mgeni alimpa mmoja wao na kuondoka. Aliyepanda fitina ile hakuijua, kwa sababu alikuwa amekwisha kufika Maralal.

Serikali za kaunti za Marsabit, Turkana na Samburu zina wajibu wao. Tangu zianzishwe mnamo 2013 zimekuwa na uwezo wa kuwaandaa viongozi wa ziara katika kila kituo na kutoa vyeti vinavyotambuliwa, na mafunzo hayo yasiishie kwenye huduma ya kwanza na uendeshaji wa gari. Historia na majina ya mahali yafundishwe. Sisi wa vyuo vikuu tutoke maofisini tusaidie kuyaandika. Muda si mwingi. UNESCO iliitambua hifadhi ya Ziwa Turkana kuwa urithi wa dunia mnamo 1997, na kufikia 2018 ilikuwa imeiorodhesha miongoni mwa urithi ulio hatarini. Maji ya ziwa yamepanda katika miaka ya karibuni hata sehemu ya makao ya Waelmolo ikazungukwa na maji. Mawe ya kale yana mlinzi na ua wa waya. Maneno ya yule bibi hayana mlinzi ila yeye mwenyewe.

Nilirudi Loiyangalani mwaka uliofuata, safari hii kwa siku nyingi na bila kampuni. Niliambiwa kwamba bibi yule alikuwa amefariki miezi michache kabla. Niliwauliza wajukuu wake jina la samaki yule. Wakatazamana, kisha wakanipa jina la Kisamburu.

Kwa hivyo, mgeni na aje, tena aje kwa wingi. Lakini dereva asiguse honi mwenyeji akiwa bado anazungumza.