Kansa ya Ngozi Si ya Wazungu Pekee, Geuza Wayo Uangalie

Jothurwa, watu wangu wa Mfangano, leo hebu tuongee kuhusu miguu.

Kuna ile stori tunaipenda: kansa ya ngozi ni ya wazungu, sisi jua limetuzoea. Ni kweli, ngozi nyeusi inatukinga sana na jua. Lakini kuna melanoma ambayo haijali jua. Inatokea kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, na kwa watu weusi ndiyo aina inayoonekana zaidi. Mnamkumbuka Bob Marley? Mwaka 1977 alipatikana nayo chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Ilidhaniwa ni jeraha la mpira. Hakukubali kidole kikatwe. Ikasambaa, akafariki 11 Mei 1981 akiwa na miaka 36 tu.

Sasa tuangalie sisi. Mtu anavuta boti pekupeku, anajikwaa kwa mawe, anadungwa na miiba ya samaki. Doa jeusi likitokea kwenye wayo, nani atashtuka? Tunasema ni kudungwa, tunasema ni fangasi, mwingine anachukua wembe anachonga. Shida yetu ni hiyo: kila kitu mguuni tumeshakipa jina kabla ya kukiangalia.

Kwa hivyo shika haya. Mistari myeusi kwenye kucha kadhaa mara nyingi ni kawaida kwetu, usitetemeke. Shtuka ukiona mstari kwenye ukucha mmoja tu na unazidi kupanuka, au weusi umetoka hadi kwenye ngozi ya kando. Shtuka na doa linalokua, na kidonda kimekataa kupona wiki nenda wiki rudi. Wakati mwingine hata weusi hakuna, ni kinyama chekundu tu. Usikate! Daktari atachukua kipande kidogo kikapimwe maabara. Ikigunduliwa mapema, upasuaji unaweza kuimaliza. Ikichelewa inafika kwenye tezi, mapafu, hadi ubongo.

Mimi si daktari, na chuo chenyewe niliacha. Lakini najua nauli ya boti hadi Mbita, halafu matatu hadi Homa Bay au Kisumu, ndiyo inafanya mtu aseme "ntaenda mwezi ujao." Ombi langu kwa kaunti: wahudumu wa afya wanaotupitia nyumbani wafunzwe kusema, "Hebu nione nyayo." Kuangalia wayo hakuhitaji mashine.

Na wewe, ukiosha miguu leo jioni, geuza. Umwangalilie na dani pia, macho yake hayafiki huko chini.