Mwalimu mwenye chupa ya maji asichekwe

Mkazi wa Buyangu akiambiwa kwamba jirani yake amelazwa hospitalini kwa kukaukiwa na maji mwilini, hapana shaka atastaajabu. Hapa ni ukingoni mwa msitu wa Kakamega, upande wa kaskazini. Mvua si mgeni kwetu, na mto Isiukhu haujatuhini. Kiu ni habari tunayoisikia redioni ikitoka Turkana na Wajir. Hata hivyo, hayo ndiyo yaliyomfika mwalimu mmoja ninayemfahamu, na kisa chake kinatupasa sisi tushikao chaki kujisaili.

Mwalimu huyo alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzani, baada ya kuhangaika kwa miaka mingi na unene wa kupindukia na ugonjwa wa kisukari. Katika aina moja ya upasuaji huo, daktari huondoa kiasi cha robo tatu ya mfuko wa chakula, ukabaki mwembamba kama mrija. Katika aina nyingine, kifuko kidogo hutengwa sehemu ya juu na kuunganishwa na utumbo mdogo. Faida zipo: uzani hupungua, na sukari katika damu yaweza kutulia. Lakini katika miezi ya mwanzo, aliyefanyiwa hivyo hawezi tena kugugumia bilauri nzima kwa mkupuo. Akijaribu, hushikwa na maumivu au hutapika. Hana budi kunywa funda moja moja, kutwa nzima. Tena hushauriwa asinywe anapokula, na angoje yapata nusu saa baada ya chakula.

Hebu tufanye hesabu, kwani hesabu haina upendeleo. Aghalabu madaktari humtaka mtu kama huyo apate walau lita moja na nusu kwa siku. Ikiwa yu macho kwa saa 15, huo ni wastani wa mililita 100 kila saa. Mwalimu aingiaye darasani saa mbili asubuhi na kutoka saa saba mchana pasi na kunywa, amejinyima nusu lita nzima. Mimi na wewe twaweza kuliziba pengo hilo kwa bilauri mbili za adhuhuri. Yeye hawezi. Kwake deni la maji halilipwi kwa mkupuo. Likilimbikizana siku baada ya siku, mdomo hukauka, kichwa huuma, mkojo hugeuka rangi ukawa mzito, na kizunguzungu humwangusha. Si ajabu basi kwamba kukaukiwa na maji ni miongoni mwa sababu kuu zinazowarudisha wagonjwa hawa hospitalini majuma machache baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani.

Kwa nini basi mwalimu huyu hakunywa? Jibu lake linaudhi: aliona haya. Katika shule alikofundisha, chupa ya maji darasani ilihesabiwa utovu wa adabu. Wenzake katika chumba cha walimu walimtania kuwa ananyonya kama mtoto mchanga. Nyumbani nako mambo hayakuwa afadhali. Sisi Waluhya twajivunia ukarimu. Mgeni hutengewa obusuma na ingokho, naye asipokula ipasavyo, mwenyeji hununa. Basi kila alikokwenda alisihiwa ale, akabembelezwa kwa soda na chai yenye sukari tele, vinywaji ambavyo kwa mtu wa hali yake vyaweza kuleta msokoto wa tumbo, jasho jingi na moyo kwenda mbio. Hapakutokea hata mmoja wa kumwuliza: Mwalimu, umekunywa maji?

Nawasikia baadhi ya walimu wakuu wakihoji: mwalimu akinywa darasani, wanafunzi nao si watataka? Nasema na watake! Sehemu hizi za magharibi mwa Kenya wamo watoto wengi wenye selimundu, ugonjwa unaozipinda chembe nyekundu za damu zikawa mfano wa mundu. Mtoto huyo akikaukiwa na maji, maumivu makali yaweza kumvamia na kumlaza. Kanuni inayomkataza kunywa hadi kengele ilie haimfunzi adabu, bali inamhatarisha. Isitoshe, Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Sijaona mahali iliposema haki hiyo husimama mlangoni pa darasa.

Sidai kwamba kila shule ichimbe kisima kesho. Nadai mambo mepesi. Chupa iruhusiwe mezani pa mwalimu na penye dawati la mwanafunzi. Maji ya mtoni au ya kisima yachemshwe kabla ya kunywewa, maana kuhara hukausha mwili upesi kuliko jua. Mwenzetu aliyetoka kupasuliwa asiulizwe kwa nini hali, bali aulizwe kama amekunywa. Na iwapo kila anywacho anakitapika, asiambiwe avumilie. Apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo, kwani kutapika kusikokoma humpokonya mtu maji na hata vitamini B1, ambayo upungufu wake hudhuru neva na ubongo.

Mwalimu niliyemtaja alitundikiwa maji ya mshipani, akapona, akarejea kazini. Siku hizi huingia darasani na chupa yake, na baada ya kila sentensi mbili tatu hupiga funda moja. Wanafunzi walicheka kwa juma moja, kisha wakazoea. Tumewakaririsha watoto wetu miaka nenda miaka rudi kwamba haba na haba hujaza kibaba. Huyu hapa mbele yao mtu ambaye uhai wake unategemea methali hiyo. Sisi walimu tusiwe wa kwanza kumcheka.