Mkoko wa Kenya Bei ya Kutupa: Mastaa Wanaposti Gari, Risiti ya TRA Hawaiposti

Wadau, wiki hii kila ukifungua Instagram unakutana na ndinga ile ile. Jina la mwenyewe nalihifadhi, wengi mnamjua, na asiyemjua hajakosa kitu. Kasimama pembeni ya mchuma mweusi unaong'aa, miwani ya jua usoni, mkono kiunoni, na namba za gari zinaanzia na herufi K. Chini yake maneno marefu: kaifuata Nairobi mwenyewe, bei ya kutupa, kwa hiyo Wabongo tuache kupigwa na mayadi ya Dar.

Like zikamiminika. Mastaa wenzake wakaja na vimoto vyao. Na sijasema kakwepa chochote, huenda kalipa kila kitu na makaratasi yako kwenye droo. Ishu yangu siyo yeye, ishu yangu ni wale waliojaa kwenye komenti. "Kaka nielekeze." "Dada namba ya dalali tafadhali." "Mimi nina milioni 10, naweza pata nini huko?" Huyu anauza kava za simu Kariakoo, yule ana kibanda cha miamala ya simu Mbagala, mwingine kadunduliza hela ya bodaboda miaka mitatu. Staa akipoteza gari, mwezi ujao anapiga shoo mbili anarudi mjini. Hawa wakipoteza, ndio imetoka.

Sasa nisikilizeni vizuri. Gari la Kenya ni rahisi kwa sababu moja kubwa: bei unayotajiwa ni ya gari ambalo Tanzania bado halijalipiwa hata senti tano. Unalinganisha na gari la yadi ya Dar ambalo lishalipiwa ushuru, lina kadi na lina namba za T. Ni kama kulinganisha bei ya unga na bei ya ugali wa hotelini, halafu unasema mwenye hoteli mwizi.

Najua kuna mtu anataka kuniambia "lakini bwana, si tuko Jumuiya moja ya Afrika Mashariki?" Hii naisikia kila siku, hata kutoka kwa watu wenye digrii zao. Ni kweli Umoja wa Forodha ulianza 2005 na Soko la Pamoja likaja 2010. Ila msamaha wa ushuru ndani ya Jumuiya ni wa bidhaa zilizotengenezwa humu humu kwa kufuata masharti ya uasilia wa bidhaa. Toyota iliyotengenezwa Japani haigeuki kuwa bidhaa ya Kenya kwa sababu ilishuka Mombasa na kukaa Nairobi miaka mitano. Ukifika nayo Namanga, Holili, Horohoro au Sirari, ukasema unaileta kuisajili Tanzania, afisa wa forodha anaiona kama gari lililotumika linaloingia kutoka nje. Basi.

Na hapo ndipo panauma, maana Mkenya aliyekuuzia naye alilipa. Alipoiingiza Mombasa alilipa ushuru wa kwao, VAT ya kwao ya asilimia 16 na tozo nyingine. Unadhani hiyo hela kaisamehe? Iko ndani ya bei aliyokuuzia. Kwa hiyo gari moja umelilipia serikali mbili, ya kwanza kimya kimya kupitia kwa muuzaji, ya pili waziwazi kwa mkono wako.

Tupige hesabu, msiogope, simu zenu zina kikokotoo. Tuseme gari ni laki tano za Kenya. Shilingi yao moja ni kama 20 hivi za kwetu, kwa hiyo weka milioni 10. Tuchukulie thamani inayokubalika forodhani ni hiyo hiyo milioni 10, injini iko kati ya cc 1,001 na 2,000, yaani vigari vyetu vya kila siku, na umri wake umezidi miaka 10.

Ushuru wa forodha asilimia 25: milioni 2.5. Sasa jumla ni milioni 12.5, na kuanzia hapa hesabu zinafanyika juu ya hiyo 12.5, siyo ile 10 yako ya mwanzo. Ushuru wa bidhaa kwa injini hiyo asilimia 5: laki 6 na elfu 25. Halafu kuna uchakavu, asilimia 30 kwa gari dogo lililozidi miaka 10: milioni 3 na laki 7 na nusu. Umefika 16,875,000. Juu ya hiyo yote inakuja VAT asilimia 18: 3,037,500. Jumlisha kodi peke yake: 9,912,500.

Soma tena. Gari milioni 10, kodi milioni 9.9. Hapo hatujagusa tozo ya reli, ada ya forodha, hela ya usajili, wakala wa forodha, mafuta ya kulitoa Nairobi, na soda za njiani. Injini ikizidi cc 2,000, ile asilimia 5 inakuwa 10, na ndio maana wenye Harrier za 2.4 hukohoa kidogo wakisoma haya.

Kama gari hilo hilo lingekuwa chini ya miaka 8, uchakavu haupo. Kodi zile zile zingekuwa 5,487,500. Tofauti ya milioni 4.4 imeletwa na mwaka wa kutengenezwa tu! Na hapa wengi hawastuki: Kenya hawaruhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Kwa hiyo wao wengi wanaleta lenye miaka 6 au 7, ili libaki na bei nafuu lakini lipite. Mkenya analiendesha miaka minne, mitano, akilichoka ndio anaweka tangazo. Likikufikia wewe lina miaka 11 au 12. Kwake liliingia kijana, kwako linaingia mzee, na TRA wanahesabu umri tangu lilipotengenezwa, siyo tangu wewe ulipolipenda.

Dalali atakwambia usijali, tutaandika risiti ya laki mbili na nusu ili kodi ishuke. Mwambie asante, kisha funga pochi. TRA wana mfumo wao wa kuthaminisha magari yaliyotumika, unaingiza aina ya gari, mwaka, ukubwa wa injini, wanaona thamani wanayoitambua wao. Risiti yako ya kuandikiana kwenye kaunta ya baa haitawababaisha. Na mfumo huo uko kwenye tovuti yao, bure, mtu yeyote anaingia kabla hajatuma hata elfu kumi kwa dalali. Inachukua dakika chache, pungufu ya muda tunaotumia kuangalia video za mastaa wakigombana.

Sasa tuje kwenye ule mchongo wenyewe, maana najua mnausubiri. "Achana na kusajili, tembea na namba za Kenya." Mjini hapa tunawaona. Gari la mgeni linaingia kwa kibali cha muda, kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Ni cha mtu anayekuja kutembea, kwenye biashara au msiba, kisha anarudi kwao na gari lake. Siyo cha mtu wa Tabata anayelaza gari Tabata na kuliosha Tabata kila Jumamosi. Kibali kikiisha na gari liko bado mtaani, hilo linaanza kuhesabika kama gari lililokwepa ushuru, na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inaruhusu kulikamata na kulitaifisha. Kutaifisha, wadau. Siyo faini ukalipa ukaondoka nalo, linaweza kwenda moja kwa moja.

Lakini hata kabla hujakamatwa, maisha yenyewe na hilo gari ni ya mateso. Logibuku ina jina la Mkenya. Huwezi kuliuza kwa mtu mwenye akili. Huwezi kuliweka dhamana ya mkopo. Ukigongwa au ukigonga, maswali ya bima yanaanza na hujui uyajibu vipi. Ukiona mkono wa trafiki mbele unapata joto hata kama AC inafanya kazi. Na je, kama yule muuzaji alikuwa analidaiwa benki kwao? Kenya kukopa kwa kuweka logibuku ni kitu cha kawaida kabisa, usipokagua unaweza kununua deni lenye matairi manne.

Kuna na wale wa njia za panya, na wale wa kuchomoa namba za gari lililokufa na kuzibandika kwenye la Kenya. Hao siwaandikii mistari mingi. Namba ya chesesi haibanduliwi na gundi.

Haya, nimewachapa sana vijana, sasa ngoja niseme na upande wa pili, maana haitakuwa haki.

Hii kodi ya uchakavu mimi inanisumbua roho. Naelewa sababu zinazotolewa: magari mazee yana moshi, yanaharibika barabarani, nchi isiwe jalala la vyuma vya watu. Sawa. Ila nani ananunua gari la miaka 12? Siyo mkurugenzi. Ni mwalimu, ni nesi, ni yule dada mwenye saluni anayechoka kubeba watoto wawili kwenye daladala. Mwenye hela ananunua la miaka mitano, uchakavu haumgusi hata kidogo. Asiye na hela ananunua alichoweza, na anaongezewa asilimia 30, kisha VAT inatozwa juu ya hiyo asilimia 30. Yaani kodi imekaliwa na kodi nyingine mgongoni. Ukimkuta mtu huyu anatafuta njia ya mkato, ni kosa, lakini usishangae ametokea wapi.

Na hizi nchi zetu mbili nazo zijitazame. Viongozi wakikutana tunaimbiwa undugu na mipaka kufunguka. Mfuko wa mahindi una afadhali. Ila gari ambalo limeshalipiwa ushuru wa forodha Mombasa, ndani ya umoja wa forodha ule ule, linakuja kulipiwa tena upya Namanga. Mimi siyo mchumi, nimeishia kidato cha nne, lakini hata mimi naona wangeweza kukaa wakasema: alichokilipa kule kitambulike, alipe tofauti tu. Afisa wa forodha atasema sheria ndivyo ilivyo, na atakuwa sahihi. Basi wabunge wetu wa kule Arusha wana kazi ya kufanya, tofauti na posho.

Mpaka hapo watakapobadilisha, mwenye milioni 10 yake afanyeje? Kwa maoni yangu, kama gari unalotaka lina umri mkubwa, Kenya iache kabisa, hesabu haikubali. Ukiagiza Japani likashukia bandari ya Dar, angalau unalipa serikali moja, na gari lina umri mdogo kidogo. Au meza kiburi, nunua lililoko hapa hapa. Najua mjini tunachekana kwa herufi za namba, mwenye D anamcheka mwenye C, mwenye C anamcheka mwenye B. Acha wacheke. Kadi ina jina lako, na trafiki akikusimamisha unashusha kioo mpaka chini.

Na kama bado moyo wako uko Nairobi, labda ni gari jipya kidogo, la kipekee, bei imekaa vizuri kweli, basi nenda ukiwa na hela ya gari na hela ya kodi mifuko miwili tofauti. Tafuta wakala wa forodha mwenye leseni, upewe control namba, ulipe benki au kwenye simu. Mtu anayetaka umtumie hela ya kodi ya serikali kwenye laini yake ya simu, huyo siyo wakala.

Mwisho kwako staa wetu. Gari ni zuri, hongera, rangi imekaa. Ila wafuasi wako wameshaanza kuuza viwanja vya urithi. Tunaomba posti inayofuata uweke picha mbili: ya gari likiwa na namba za T, na ya risiti. Funika jina ukitaka, tarakimu tu zinatutosha.

Na nyie mliowahi kupitisha gari Namanga, Holili au Horohoro, komenti ziko wazi hapo chini. Andikeni bei mliyotajiwa na dalali na bei gari lilipofika nyumbani, zote mbili, ili huyu wa Mbagala azisome kabla hajapanda basi la Nairobi.