Karata Haijui Kesho Yako, Usiilipe Ijifanye Inajua

Jamani wasomaji, leo siandiki kuhusu hifadhidata. Leo nina ugomvi.

Ukitembea hapa Mumias kutoka steji hadi Shibale, soma milingoti ya stima. Mganga anarudisha mpenzi, anashinda kesi, anatafutia watu kazi, na nambari ya simu ndiyo hiyo. (Kama anajua ya kesho, mbona anangoja umpigie? Si akupigie yeye!) Vijana wenye simu za kisasa huyacheka sana mabango hayo. Halafu haohao wanalipia programu ya karata za taroti iwaambie kama waache kazi au kama mchumba atarudi. Tofauti ni nini? Bango limebandikwa kwa gundi, programu ina nembo ya kupendeza. Basi.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu, kwa hiyo ngoja niwafungulie boneti muone injini.

Taroti ni karata 78: kubwa 22, ndogo 56. Zilianza Italia karne ya 15 kama mchezo wa kupitisha wakati tu. Hadithi kwamba zinabeba siri za Misri ya kale ilienezwa na Mfaransa Antoine Court de Gébelin mwaka 1781, wakati ambapo hakuna msomi wa Ulaya aliyeweza kusoma maandishi ya Misri hiyo. Yalifumbuliwa 1822! Na ndani ya simu yako kinachochanga karata ni mstari mmoja wa msimbo unaochagua namba kati ya 1 na 78. Ukitoa karata tatu kwa mfuatano, kuna matokeo 456,456. Mstari ule haujui jina lako wala haujui kama umekula. Karata ya Kifo hutokea katika karata tatu mara moja kwa kila 26, kwa wastani, uwe mgonjwa au mzima.

Wala msidhani nawadharau wa kale. Ramli iliyotoka Uarabuni ni hesabu safi: maumbo 16, kila moja lina mistari minne, kila mstari nukta moja au mbili. Sisi wa kompyuta tunaita hizo biti nne! Mpiga ramli huanza na maumbo manne, akayajumlisha kupata mengine, na umbo la hukumu lazima liwe na nukta shufwa. Likitoka witiri, amekosea hesabu. Yaani wana kinga ya makosa kuliko programu nyingi ninazoletewa nizirekebishe. Lakini kinga hiyo inakagua hesabu, haikagui ukweli.

Mtaniambia, "Lakini ilinisema mimi kabisa!" Sawa. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia zao, kila mmoja akidhani ni yake peke yake. Waliyapa wastani wa alama 4.26 kwa 5. Wote walikuwa wamepewa karatasi moja, na maneno mengi yalitoka katika kitabu cha unajimu. Mambo kama "una kipaji ambacho hujakitumia". Nani hana?

Sasa sikieni kinachoniudhi. Mwaka jana jamaa mmoja alitaka nimtengenezee programu ya kubashiri, shilingi 50 kwa swali. Nikamuuliza, na mteja akitokewa na Kifo? Akajibu, "Hapo ndipo pesa zilipo. Tunamuuzia kinga kwa 500." Nilimwambia atafute fundi mwingine. Huo si ushauri, huo ni wizi wenye kitufe.

Je, tuchome karata? Hapana. Waandishi wa programu tuna desturi iliyotajwa katika kitabu cha The Pragmatic Programmer cha 1999: ukikwama, mweleze bata wa plastiki msimbo wako, mstari kwa mstari. Bata hasemi kitu. Lakini unapoeleza, unaona mwenyewe ulipokosea. Karata ni huyo bata, ila ana picha nzuri zaidi.

Tumia hivi. Toa karata moja, bila kulipa mtu, na uigeuze iwe swali. Umepata Mnara unaoporomoka? Usiulize "nini kitaniangukia?" Uliza "nimeegemea ukuta gani mmoja tu?" Hapa Mumias swali hilo si la mzaha. Kiwanda cha sukari kilichoanza kazi 1973 kiliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, na familia zilizotegemea miwa pekee zinajua walivyoumia. Hasara za miaka ya nyuma zilikuwa zimeandikwa wazi katika hesabu za kampuni. Hazikuhitaji mtabiri, zilihitaji msomaji.

Umepata Mpumbavu? Uliza ni safari gani unaiogopa kwa sababu watu watakucheka. Kisha chukua kalamu, andika jibu LAKO, na hatua moja utakayochukua kabla ya Jumatatu. Jibu usilipende? Changa tena, ni bure, bata hanuni.

Anayekuuliza swali zuri anakuongezea nguvu. Anayekuuzia jibu, hasa la kukutisha, anakunyang'anya. Awe na tunguri au awe na seva, mnyime.

Haya, wenye kubisha bisheni. Alamsiki.