Kituo Hakiwezi Kuwa Mzazi

Mwandishi aliyeshauri kwamba watoto wenye ulemavu wa vijijini wapelekwe vituo vya bweni ili wazazi wao wapumue amesahau Buhangija. Kituo hicho cha Shinyanga kiliwapokea watoto wenye ualbino waliokimbia mauaji ya watu wenye ualbino Kanda ya Ziwa. Kiliokoa maisha, hilo halina ubishi. Lakini hifadhi ya dharura iligeuka makazi ya miaka, na wapo watoto waliopotezana kabisa na jamaa zao.

Mama wa Malampaka, wilayani Maswa, mwenye mtoto mwenye mtindio wa ubongo haombi kuondolewa mtoto. Anahitaji wa kumshikia wakati wa palizi ya pamba, mazoezi ya viungo karibu na nyumbani, na wazazi wenzake wa kushauriana nao. Tutaambiwa fedha hazipo. Mbona halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, 2 kati yake ikiwa ya watu wenye ulemavu? Na hata huo ni mkopo tu: mlezi asiyeweza kutoka nyumbani ataurejesha kwa biashara gani? Madiwani wa Maswa, tengeni fungu la huduma majumbani kabla ya kufikiria mabweni.