Kijiji si jina tu kwenye fomu

Jamani, ukituuliza sisi vijana wakimbizi tulioko hapa Kigali, "Kwenu ni wapi?", wengi tunajibu haraka: Masisi, Rutshuru. Basi. Ukiuliza soko la kule lilikuwa siku gani, tunanyamaza. Wengi tulizaliwa kambini. Kijiji tunakijua kwenye fomu tu.

Wazee ndio wanajua. Wanajua ng'ombe walilishwa mlima gani, jibini ilitengenezwa namna gani, jirani alikuwa nani. Lakini wazee wanaondoka mmoja mmoja, na hakuna anayeandika.

Tena tusidhani historia yetu ni ya Kongo peke yake. Kambi ya Gihembe, kule juu karibu na Byumba, ilifunguliwa 1997 baada ya kambi ya Mudende kushambuliwa. Watu wameishi pale zaidi ya miaka 20: wamezaa, wamesoma, wamezika. Mwaka 2021 ikafungwa kwa sababu ya makorongo, watu wakahamishiwa Mahama. Pale napo palikuwa kwetu. Makaburi yetu yamebaki kule.

Maoni yetu ni haya: kila kijana akae na mzee mmoja, daftari mkononi. Aandike majina ya mito, njia, majirani, hata ugomvi. Asipambe kitu.

Na nyinyi ndugu zetu wa mashirika, kila mara mnatuuliza tulikimbia lini. Waulizeni wazee pia waliishi vipi kabla. Maisha yao hayakuanza siku waliyokimbia.